Kadi Yenye Meno ya Farasi

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha kiwanda, Hetty Clegg alisugua kizingiti chake kwa jiwe, kama wanawake wote wa mtaa ule wa wafumaji, Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kizingiti kilimeta. Lakini nyuma ya nyumba choo cha ndoo kilikuwa kikifurika, na mwezi wa Agosti homa ya matumbo ilimwua mwanawe wa pekee, Edna. Hetty alikuwa mjane. Sasa akabaki peke yake.

Alikwenda kwenye baraza la mji kulalamikia choo. Juma lililofuata akaletewa kadi ya posta isiyo na jina la mtumaji. Ilikuwa na kikatuni, kama zile za kuuzwa madukani kuwakejeli wanawake wanaodai kura: mwanamke mwenye meno ya farasi anadai kura, na nyuma yake mtoto analia katika nyumba chafu. Chini mtu ameandika, "Wewe huyu." Hetty aliona aibu mno. Akaacha kulalamika, akazidi kusugua kizingiti.

Jumamosi alipita Selina Haworth, aliyekusanya michango ya chama cha wafumaji nyumba hadi nyumba. Akaiona kadi juu ya meko.

"Meno haya nayajua," alisema. "Ya farasi wa muuza makaa."

Hetty hakucheka. Alisema siasa si mambo ya wanawake, na anayekwenda kupiga kura hukamatwa.

"Umechanganya, mwenzangu. Kura ya Bunge wametunyima kweli. Ya baraza la mji unayo. Wewe mjane, nyumba imeandikwa jina lako, na jina limo kwenye orodha ya wapiga kura. Nimeliona. Wanaochora hivi wanataka uone haya, ukae ndani."

Novemba, siku ya uchaguzi wa baraza, mvua ikinyesha, Hetty alikwenda kituoni. Mlangoni bwana mmoja alimpungia kadi kama ile, akamwuliza mtoto kamwachia nani.

"Mtoto wa kwenye picha analia," Hetty alisema. "Wangu amenyamaza tangu Agosti."

Bwana yule akashusha kadi. Hetty akaingia, akapiga kura.

Mgombea aliyeahidi mabomba ya maji taka alishinda kwa kura tisa. Aprili mtaro ukachimbwa, na kiangazi kile homa haikuua mtoto yeyote mtaani. Mjane jirani akaja kuuliza atazame wapi jina lake. Hetty alimwonyesha orodha, kisha akarudi kwenye nyumba yake safi, isiyo na mtoto.