Mkono Usiofika Mwisho

Krrr, krrr, krrr. Watu wamelala, taa imezimwa, na Hamdiya, mwanawe Thuwein kifuani, alifumbua macho gizani akasema moyoni kuwa ni panya, maana katika nyumba ile ya Tibirinzi kila kitu kilikuwa ama panya ama jini, na yeye alikwishachagua panya.

Kisha akaitambua sauti. Lilikuwa gurudumu lake la kusokotea uzi, huko chumba cha nyuma, karibu na mlango wa ghala.

Hata hilo lisingemtisha. Angesema mkwewe analichezea. Kilichomkausha mate ni kwamba sauti haikusita. Hapana mtu awezaye kusokota bila kusita. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, kigwe kilichozungushiwa gurudumu kinaivuta ile sindano nene ya chuma nayo izunguke mbio, na mkono wa kushoto umeshika pamba, unaivuta kurudi nyuma polepole kutoka kwenye ncha, pamba inajipota, inakuwa uzi. Lakini mkono una mwisho. Ukishanyooka wote huna budi usimame, urudishe gurudumu nyuma kidogo uzi uachie ncha, uukunje kwenye sindano, ndipo uanze tena. Sauti ya usiku ule ilikwenda moja kwa moja, krrr isiyokatika, mpaka muadhini akaita. Aliyekuwa akisokota alikuwa anavuta, anavuta, na mkono wake haufiki mwisho.

Ilikuwa miaka ya vita, nguo hazionekani madukani, na Hamdiya, aliyesoma Unguja skuli ya wasichana hadi madarasa ya juu na kufundishwa kusokota huko, ndiye aliyelitoa gurudumu lile ghalani kwenye vumbi la babu zake mumewe. Bi Zuweina, mkwewe, alimwambia neno moja tu: lina mwenyewe. Hamdiya akacheka, akajibu kwamba mwenyewe akilitaka aje alichukue, mlango anaujua.

Hawakupendana wale. Bi Zuweina bado alitembea kama mwenye mashamba, na mashamba yalikwishaliwa na madeni zamani. Akikaa kizingitini kumtazama mkaza mwanawe akisokota, hukunja pua, akauliza kama huko skuli ndiko walikofundishwa kujifanya vijakazi. Hamdiya naye alimwona bibi wa hirizi na mafusho, asiyejua hata kuandika jina lake. Nasor, aliyekuwa mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alikuwa bandarini Wesha akipakiza karafuu, na alipenda sana kuwa Wesha.

Basi asubuhi kikapu cha pamba kilikutwa kitupu. Kwenye sindano hapakuwa na uzi mpya, ila ule mmoja tu wa Hamdiya mwenyewe, mweusi mweusi, mzuri kuliko wote aliopata kuusokota. Hamdiya aliutazama akaufunika kwa upindo wa kanga, kwani alijua ndani yake mna nini, na hapakuwa na mwingine aliyejua.

Usiku uliofuata pamba haikuwapo, na gurudumu likaenda vile vile. Likisokota nini? Thuwein hakuwa na homa, alinyonya vizuri, alicheka; lakini kila akimwinua alikuwa mwepesi kuliko jana, mwepesi wa kutisha, mikono ikimwinuka yenyewe kama mtu aliyekwenda kubeba mtungi uliojaa akaukuta mtupu.

Akaitwa Mwalim Ngwali aje amtoe jini. Akaja na chetezo na kikohozi chake, akadai kuku mweusi, akasoma, akafukiza. Na alipokuwa ameligeuzia gurudumu mgongo, likazunguka kidogo, krik, akaviokota viatu vyake akatoka navyo mkononi. Uani akasema lichomwe. Kuku hakumsahau.

Bi Zuweina alikwisharudi chumba cha nyuma na chupa ya mafuta ya taa Hamdiya alipomkamata mkono.

"Usichome, Mama. Nywele zake zimo."

Maneno yakamtoka kwa mkupuo. Zile nywele alizonyolewa mtoto siku ya saba, alizopewa azizike shinani mwa mgomba, hakuzizika. Aliona ni mambo ya kizamani, na nywele zilikuwa laini, na pamba ilikuwa chache, basi akazichanganya, akasokota uzi wa kumshonea kofia ya Idi.

Bi Zuweina aliweka chupa chini. "Umempa jini ncha ya mwanao," akasema taratibu. "Na skuli umekwenda."

Na palepale, jua la utosi, mchana kweupe, gurudumu likaanza. Mwanga wa dirishani ukaonyesha kile ambacho giza lilikuwa likikificha: uzi mwembamba kuliko utando wa buibui uliotoka utosini mwa Thuwein, aliyelazwa kwenye mto pembeni, ukakatiza chumba, ukapita kwenye sindano, ukaingia ghalani, na uzi huo ulishikwa na vidole vyeupe virefu, na nyuma ya vidole mkono, na mkono ukaendelea ndani ya kiza bila kiwiko, bila bega, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na kutoka mbali sana, huko mkono ulikoanzia, ikaja sauti ya kike iliyochoka kwa dharau.

"Uzi wa msomi umelegea. Huyu nitampota mimi."

Hamdiya alilirukia gurudumu akalirudisha nyuma kwa nguvu zake zote, akijua uzi ukizungushwa kinyume hufumuka ukarudi kuwa pamba, na kweli ukafumuka, karibu na utosi wa mtoto ukawa manyoya tu, lakini vidole havikuachia, vilivuta, na kichwa cha mtoto kikainuka kutoka kwenye mto.

Bi Zuweina alivua ukaya kichwani. Akang'oa fungu la mvi zake, akazilaza pale uzi ulipofumuka, kama mtu aungaye pamba mpya.

"Zungusha mbele," akasema.

"Mama, wewe umejuaje—"

"Kila siku nakutazama ukiunga, tena vibaya. Zungusha."

Akazungusha. Mvi zikashika, nywele za mtoto zikaachia, zikaanguka sakafuni. Kichwa cha Thuwein kikarudi kwenye mto kwa kishindo, akalia, na kilio kilikuwa kizito, cha mtoto mzima mzima.

Bi Zuweina aliugeukia mlango wa ghala. "Na weye, ulaji gani huo wa vitoto. Kula mzee, utafune."

Vidole vikarudi ndani.

Walizizika nywele za mtoto shinani mwa mgomba wawili hao. Jioni Bi Zuweina alipoinuka kutawadha, kanga ilimporomoka kiunoni, na juzi tu ilikuwa ikimbana. Hamdiya akaenda kuishika. Mkono aliougusa ulikuwa mwepesi kama ganda la karafuu.

"Nasor asijue," akasema yule bibi. "Ataleta akina Ngwali, watachoma gurudumu, nami nimo. Na usinililie, hukujua hata kuzika nywele, kulia utakujua?"

Kutoka chumba cha nyuma, krrr, bila kusita.

Hamdiya akaifunga kanga upya, akaikaza, akamwapia kwamba hatamwambia mtu mwingine.