Mabua ya Ng'ombe wa Mama

Loveness hakuwahi kufika kwa mama yake, kijijini Masama, mikono mitupu. Septemba hii hakutaka kuanza. Kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote, na ng'ombe wa mama alikuwa amekonda. Kwa hiyo alipotoka Tanga na pikapu yake, peke yake, alisimama karibu na Mwanga akapakia mabua makavu ya mahindi. Yalipita paa la gari. Loveness alijisifu kweli.

Kesho yake binti yake, Theodora, alikuwa anapata kipaimara. Theodora alilelewa na bibi huko Masama. Kwenye simu alikuwa amesema, "Mama, safari hii usikose." Maneno hayo yalimchoma Loveness, maana sherehe mbili alikuwa amezikosa.

Kilomita chache mbele, moshi ulitanda barabarani. Vichaka vilikuwa vinaungua na bodaboda zilikuwa zinageuza. "Nitapita chapchap," akasema Loveness.

Mara mwanamke mwenye kikoti kinachong'aa akasimama mbele ya gari. Alikuwa Magdalena, askari wa zimamoto.

"Dada, nyuma umebeba nini?"

"Mabua ya ng'ombe."

"Umebeba kuni! Cheche moja tu, gari lote linawaka."

"Lakini mwanangu ana kipaimara kesho!"

"Basi mpelekee mama, usimpelekee msiba."

Magdalena akaendelea taratibu.

"Ukiona moshi barabarani, usiingie. Geuza, usubiri mahali peupe pasipo na majani. Moto ukikukuta njiani, baki ndani ya gari. Funga vioo na matundu ya hewa, washa taa, piga 114. Na nyumbani wanajua uko wapi?"

Loveness aliona aibu. Hakumwambia mtu, alitaka kuwashtukiza.

Akageuza hadi uwanja wa shule, akashusha mabua yote. Roho ilimuuma. Akapiga simu.

"Shikamoo mama. Niko Mwanga, kuna moto. Nimesimama, na mabua ya ng'ombe nimeyashusha."

"Marahaba. Kaa hapo hapo, mwanangu. Ng'ombe nitamkatia migomba."

Nusu saa baadaye upepo ukageuka. Moto ukaruka barabara, pale pale alipotaka kupita. Loveness akashika mdomo.

Jioni njia ikafunguliwa. Jumapili, Theodora alipogeuka kwenye mstari wa wanakipaimara, alimwona mama yake benchi la mbele, gauni likinuka moshi. Akacheka mbele ya mchungaji.

Septemba iliyofuata Loveness alisafiri tena. Kabla ya kutoka aliulizia hali ya barabara. Alijaza mafuta, akabeba maji, akapakia magunia ya pumba chini ya turubai lililofungwa vizuri. Kila mji alipiga simu.

Jikoni kwa bibi, Theodora aliandika kwenye kalenda ya ukutani: Korogwe, Same, Mwanga, Himo, Moshi, Masama. Kila mama alipopiga, alitia alama.

Masama hakuitia alama. Alisikia honi, akatupa kalamu, akakimbilia getini.