Miti Miwili ya Sentensi Moja

Kila asubuhi kabla ya shule, Mouna alimsaidia mama yake kuanika ndagala kando ya ziwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hata akiwa anatandaza samaki, midomo yake ilinong'ona maneno ya Kiingereza.

Somo hilo lilifundishwa na Mwalimu Casimir. Yeye hakuridhika na kukariri. Aliichora sentensi ubaoni kama mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Tawi moja lilibeba mtenda, jingine likabeba kitendo, na kila neno lilipaswa kuning'inia mahali pake.

"Neno likihama tawi," alizoea kusema, "maana nayo inahama."

Siku moja alitoa jaribio la kumchagua mwanafunzi mmoja atakayeiwakilisha shule katika mashindano ya Kiingereza. Sentensi ya mwisho ilikuwa na alama mbili: "The woman saw the fisherman with the torch." Mouna aliyatundika maneno ya tochi, "with the torch", chini ya mvuvi, akapata zote mbili. Élisée, mvulana mpole aliyehamia kutoka Zongwe, aliyatundika chini ya kitendo cha kuona. Alipata sifuri.

"Tochi yake imepotea njia!" mwanafunzi mmoja alidakia, na darasa likacheka. Élisée aliinamisha kichwa. Mouna alikuwa wa kwanza, akimzidi kwa alama moja tu.

Mchana alifika nyumbani akikimbia. Mama yake, Mama Mosi, alifurahi sana.

"Hiyo sentensi inasema nini, mwanangu?"

Mouna alimfasiria neno kwa neno. "Mwanamke, alimwona, mvuvi, na tochi."

"Na tochi ilikuwa mukononi mwa nani? Mwa mwanamke ao mwa mvuvi?"

Mouna alitoa daftari, akauchora upya mti wa Élisée. Mwanamke ameshika tochi, anammulika mvuvi, ndipo anamwona. Mti ulisimama vizuri kabisa! Kwa Kiswahili angesema "mvuvi mwenye tochi" au "alimwona kwa tochi", lakini Kiingereza kilibeba maana zote mbili kwa maneno yaleyale.

Bukari, ule ugali wa mchana, ilipoa mbele yake. Akinyamaza, nani atajua? Mwalimu mwenyewe hakuona. Lakini kila alipoutazama ule mti, aliona kichwa cha Élisée kilichoinama.

Kesho yake, somo lilipoanza tu, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mti wa Élisée nao ni sahihi. Kama mwanamke njo alikuwa na tochi, maneno yale yanashikana na kitendo."

Mwalimu Casimir aliichora miti yote miwili ubaoni, akailinganisha tawi kwa tawi. Kisha akageuka huku mikono imejaa chaki.

"Nilikosea," alisema. "Élisée, unisamehe. Alama zako mbili nakurudishia." Akamtazama Mouna. "Unaelewa sasa nani atakwenda kwenye mashindano?"

"Élisée, Mwalimu." Hakuinamisha macho.

Wakati wa mapumziko, Élisée alimfuata uani. "Kwa nini ulisema? Mimi mwenyewe nilishakubali kwamba nimekosa."

"Hukukosa," Mouna alijibu.

"Basi unisaidie kujiandaa. Peke yangu sitaweza."

Tangu siku hiyo walibaki darasani kila baada ya masomo, wakichora na kubishana. Élisée alirudi kutoka mashindanoni na nafasi ya pili katika jimbo zima, na shule nzima ikampigia makofi. Mouna alipiga kuliko wote.

Mwalimu Casimir aliwasimamisha wote wawili mbele ya wenzao.

"Kuchora miti nimewafundisha mimi," alisema. "Lakini kusema ukweli unaokunyima nafasi yako, hilo Mouna hakulitoa kwenye ubao wangu. Mulishike, watoto wangu. Akili bila ukweli itakupa alama. Akili yenye ukweli itakupa heshima, na hiyo hakuna anayeweza kuifuta."