Maji ya Kimya

Ilikuwa siku ya saba binti yangu Dilyana anaungua homa. Daktari wa mjini alishabadilisha dawa mara mbili, na mtoto wa miaka sita hakuwa na nguvu hata za kulia. Jioni hiyo bibi yangu, Bibi Stoina, akanitia birika la shaba mkononi.

"Nenda kwenye maporomoko kabla giza halijaingia, uteke maji ya kimya. Toka mlangoni hadi urudi, neno lisikutoke. Ukisema, maji yamekufa. Umesikia, Nevena?"

Nikaitikia kwa kichwa, juu na chini.

"Unakataa?"

"Nimekubali, bibi!"

"Basi kitikise! Huku kwetu juu-chini ni hapana, kulia-kushoto ndiyo. Miaka tisa ya kuosha vyombo Hispania imekuharibu shingo. Na huyo uliyemzaa huko, hivyo hivyo."

Nikacheka. Sijacheka hivyo tena.

Njia ni nusu saa, katikati ya misonobari. Sikuwa na hofu, nilikuwa na hasira. Wale wa msituni, ambao bibi hathubutu kuwataja jina, mimi sikuwaamini. Lakini mtoto akikuzimikia mikononi, unaamini chochote.

Nikapiga goti. Birika likajaa.

Kisha maporomoko yakanyamaza...

Maji yalikuwa yanaanguka, niliyaona. Sauti ndiyo haikuwepo.

Ikanijia harufu ya nywele mbichi na maziwa yaliyochacha. Juu ya jiwe aliketi mwanamke mwenye gauni jeupe, anachana nywele zinazochuruzika.

"Maji ya nani, dada?" akanong'ona.

Nikauma midomo.

"Ya Dilyana?"

Mwili ukanisisimka. Sikumtajia jina.

"Umekesha mno, dada. Umechoka. Nikulelee mimi... Unanipa?"

Nikatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa nguvu zangu zote, mpaka kitambaa cha kichwani kikanidondoka.

Akatabasamu.

"Asante."

Mngurumo wa maji ukarudi.

Ndipo nikaelewa nilichofanya.

Nilitaka kupiga kelele: hapana! Neno moja tu. Lakini neno hilo lingeua maji, na maji ndiyo tumaini pekee la mwanangu. Nikasimama pale hadi jiwe likabaki tupu. Nikakimbia nyumbani nimeuma meno.

Dilyana alikuwa ameketi kitandani anakula mkate na jibini. Homa imekwisha. Na maji yalikuwa bado mkononi mwangu.

Bibi hakuonyesha furaha. "Kuna mtu aliyekuuliza kitu huko?"

Nikainua kichwa, nikakishusha. Safari hii sikukosea. Nilidanganya kama mtu wa kwetu.

Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa. Jasho la homa, nikajiambia. Sasa ni miezi minne na hazijakauka.

Ana afya, anacheza, ananiita mama. Naona aibu kusema namwogopa. Jana, nikiwa namchana mbele ya kioo, nikashindwa kuvumilia.

"Wewe ni mwanangu?" nikamnong'oneza.

Akanitazama kiooni. Akatabasamu. Akatikisa kichwa polepole, kulia, kushoto.

Sikuthubutu kumuuliza anajibu kwa kichwa cha nchi gani.