Manyoya ya Mama Masikio

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Fagio alipitia kwanza kwenye kibanda cha sungura nyuma ya jikoni. Jina hilo alipewa na kaka yake, kwa sababu msichana yule akiona uchafu hatulii. Alibadilisha maji, akaweka majani, akafagia vinyesi na kuvipeleka bustanini.

Familia ile iliwashukuru sana sungura wake. Ndio waliowapa kitoweo cha Jumapili na mbolea ya mboga. Ila sungura jike mmoja, Mama Masikio, hakuwa wa kuchinjwa. Huyo alikuwa wa kuzaa, tena msiri wa Fagio. Mambo yote ya shule aliambiwa yeye, naye alisikiliza huku akitafuna, bila kumkatiza mtu maneno.

Jumamosi moja Fagio alikuta kisanduku cha Mama Masikio kimejaa manyoya na majani makavu.

"Ala! Unalalia uchafu wote huu?"

Akazoa kila kitu, akatupa kwenye shimo la taka, kisha akaenda zake kuteka maji, roho kwatu.

Aliporudi, baba alikuwa amepiga magoti mbele ya kibanda. Mama Masikio alikuwa amezaa. Vitoto vyekundu, visivyo na unyoya hata mmoja, vilitetemeka juu ya ubao mtupu.

"Sungura hujinyonyoa kifuani ili awatandikie wanawe," baba alisema. "Bila manyoya hayo vitakufa kwa baridi. Nani ameyatoa?"

"Ni yule paka wa jirani!" kaka alidakia. "Jana nilimwona akinyemelea hapa."

Uongo ulikuwa umekwisha kutungwa na mtu mwingine. Fagio alitakiwa kunyamaza tu. Mara akasikia kiberiti kikitikiswa. Mama alikuwa ameinama kwenye shimo, tayari kuchoma taka kama alivyozoea.

"Mama, usiwashe!" Fagio alipiga ukelele, akatimua mbio. "Manyoya yamo humo! Ni mimi niliyeyatupa. Nilidhani ni uchafu. Nisameheni!"

Hakuna aliyepoteza muda kumgombeza. Mama na kaka waliinama wakachambua manyoya kutoka kwenye maganda ya viazi. Baba alivipasha vitoto joto ndani ya shati lake. Kimoja kilikuwa baridi kabisa, na Fagio alikifumbata viganjani, akakipulizia pumzi taratibu, machozi yakimtoka.

"Kimerusha mguu!" alisema ghafla.

Jioni ile Mama Masikio aliingia kwenye kisanduku kilichotandikwa upya, akawanyonyesha wanawe wote. Fagio alishindwa kuizuia furaha yake.

"Asanteni," aliwaambia wazazi wake. "Nilidhani mtanifukuza kibandani."

"Tukufukuze, nani atafagia?" baba alicheka, kisha akamshika bega. "Mwanangu, usitupe usichokijua. Kuuliza si ujinga. Lakini leo sisi ndio tunaokushukuru. Ungemwachia paka lawama, saa hizi tungekuwa tunavizika hivi vitoto."

Kaka aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," mama aliongeza. "Manyoya yanazoleka, wanangu, lakini kwa mtu anayesema mapema alikoyatupa."