Namba ya Marehemu Ognyan

Zdravka aliweka mezani maua sita ya kupeleka kaburini kwa mumewe. Pale mjini Gabrovo kila mtoto anajua: ya maiti huwa shufwa, mawili, manne, sita, ya walio hai huwa witiri. Alipotoka kuchukua koti na kurudi, akakuta matano.

"Uzee huu," akajicheka, akaongeza moja. Alipomaliza kufunga vifungo, matano tena.

Chumba cha nyuma kompyuta ilinguruma. Ognyan, mwalimu wa hesabu, alikufa akiiacha ikipima namba moja ya mamilioni ya tarakimu kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Majirani walimwambia Zdravka aizime. Aizime vipi? Ndiyo sauti pekee iliyobaki nyumbani.

Wiki ile vikombe vinne vikawa vitatu, mayai tisa yakawa saba, na kila kilichopotea kiliacha harufu ya tumbaku ya Ognyan. Kisha adhuhuri moja, ukungu umeziba madirisha, kiti cha chumba cha nyuma kikalia kama kimekaliwa, naye akaenda kukigusa, akakuta kina joto, akaogopa, jamani, akaogopa, lakini mkono hakuutoa, maana ilikuwa miezi tangu aguse kitu chenye joto la mtu.

Jirani yake Penka akamleta Bibi Gena, mganga wa kuondoa hofu. Bibi akamfunika Zdravka kitambaa, akamimina risasi iliyoyeyushwa ndani ya bakuli la maji baridi juu ya kichwa chake. Siku zote risasi husambaratika vipande vipande, hofu ikavunjika nayo. Safari hii lilitua donge moja, laini.

"Mwanangu," Bibi Gena akanong'ona, "hiki hakigawanyiki. Kinapunguza kila kinachogawanyika mpaka kifanane nacho. Unakifuga wewe?"

"Sifugi kitu, bibi. Namwacha tu ahesabu."

"Nani ahesabu?" Penka akadakia. "Mumeo tumemzika, Zdravka! Chomoa huo waya, kabla hujachukuliwa na wewe!"

Zdravka akachomoa huku akilia. Kabla kioo hakijazimika alisoma: NI TASA.

Bibi Gena akaacha maua matatu kwenye chombo. "Ya walio hai. Matatu hayagawanyiki, hakitayagusa." Wakaaga.

Zdravka akaketi kwenye benchi mbele ya chombo. Akakumbuka mzaha wa Ognyan siku ya harusi yao: "Namba tasa zote ni witiri, mke wangu, zote wapweke. Shufwa ni moja tu: mbili. Ndiyo sisi."

Chumba cha nyuma feni ya kompyuta ikaanza kunguruma. Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Akatazama chombo. Maua yalikuwa mawili.

"Ognyan?" akaita kwa sauti ndogo.

Tumbaku ikanukia shingoni mwake. Zdravka akajisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi.