Sekela Ataja Ugonjwa Wake

Mwaka 1956 dispensari ya Iyunga ilikuwa kando ya barabara kuu, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwa Sekela. Watu walitembea tangu alfajiri kutoka milimani ili wapate dawa pale. Sekela hakuwahi kukanyaga mlangoni. Akienda kuteka maji alizunguka nyuma, akapita katikati ya mahindi ya watu, khanga kichwani.

Sababu ilikuwa dresa, mtoa dawa wa pale. Dresa, mzee Fanueli, alikuwa baba mkwe wake, na Wanyakyusa walishika sana mwiko wa mkwe. Mke hasimami mbele ya baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Akimwona njiani, huingia vichakani mpaka apite. Wakristo wengi walikuwa wameulegeza mwiko huo, ila nyumba ya Fanueli, mzee wa kanisa, ilijivunia kuushika. Adabu ni kitu kizuri. Lakini sikilizeni jinsi adabu ilivyotaka kumuua mtu.

Siku moja Sekela alikuwa anaoga. Mkono ukagusa kitu kigumu kwenye titi la kulia. Kilikuwa kidogo kama harage, wala hakikuuma. Alimwambia mumewe, Yotamu, kibarua wa barabara. Yotamu akasema ni maziwa yaliyoganda, kwa kuwa mtoto wao Lutengano alikuwa ameacha kunyonya. Sekela hakuridhika. Akamweleza mama mkwe kila kitu: mahali kilipo, ugumu wake, na ngozi ilivyoanza kubonyea. Akamwomba apeleke habari dispensari.

Mama mkwe akaenda. Lakini atalitajaje titi la mke wa mtoto mbele ya baba mkwe? Aliona haya. Akasema tu kwamba mke wa Yotamu anaumwa mwili. Mzee Fanueli hakuuliza anaumwa wapi. Akatoa chupa ya dawa ya kuchua. Ikaisha, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Miezi minane Sekela alijichua, na kile kitu kikawa kikubwa kama yai la njiwa.

Ukiniuliza nani mwenye kosa, nitakujibu wote, tena wote walikuwa watu wema. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sekela alikuwa anauza viazi sokoni Mbeya. Mteja wake mmoja alikuwa Verediana, nesi wa hospitali, Mhehe wa Mlandege, Iringa. Mama huyu alikuwa na ulimi mkali na macho makali zaidi.

"Kamwene, mama Lutengano," alimsalimu kwa Kihehe siku moja. "Mbona mkono huo unaubeba kama wa kuazima?"

Sekela akajibu kwamba kwapani kuna vinundu. Verediana akaacha viazi. Akamvuta nyuma ya vibanda, akampapasa kwapani na kwenye titi, kisha akamshika mkono mpaka hospitali. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu. Ilikuwa saratani ya titi, nayo ilikuwa imefika kwenye tezi za kwapani.

Hasira ikampanda Sekela. Alitaka kujua nani amemroga. Verediana akasema hakuna aliyemroga. Ugonjwa huu hauji kwa sababu ya kunyonyesha, wala hauambukizi mtoto au mume.

"Na hizo tezi ni za nini?" Sekela aliuliza.

"Kila mtu anazo. Ni kama chujio. Kitu kibaya kikipita, zinakikamata. Saratani yako ilitoka kwenye titi, ikakamatwa hapo kwapani. Ni habari mbaya, maana imeanza safari. Lakini daktari hajaiona kwingine. Anataka kuondoa titi pamoja na tezi hizo, wiki hii."

"Nitapona?"

"Sitakudanganya. Wengine hupona, wengine ugonjwa unawarudia. Ukingoja, saratani itafika kwenye mapafu na mifupa. Huko kisu hakifuati."

"Nina hasira, nesi. Dresa yuko hatua mia mbili."

"Hata mimi ninayo, mama. Kasirika, lia, tukana ukitaka. Ila siku ya kisu uwe hapa."

Daktari alitaka Yotamu akubali kwa kidole gumba. Yotamu aliposikia, alishika kichwa. Alisema hawezi kukubali mkewe akatwe bila neno la baba. Mama mkwe akainuka, akajifunga khanga, akasema yeye atakwenda kumwambia mzee.

"Hapana, mama," Sekela alisema. "Safari hii nakwenda mwenyewe."

Yotamu alimzuia mlangoni. Sekela akampita. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amefichiwa uchi wake na watu watatu.

Alipita barabarani mchana kweupe. Alipofika dispensari hakuingia. Alisimama chini ya dirisha, akageuza mgongo, akajifunika kichwa.

"Baba," alisema kwa sauti, "ni mimi, mke wa Yotamu. Ninaumwa titi. Ni saratani, imeingia kwenye tezi za kwapani. Mmenipa dawa ya kuchua miezi minane, hamkuuliza naumwa wapi. Sasa daktari anataka kulikata, na Yotamu anangoja neno lenu ndipo aweke kidole."

Wagonjwa kwenye benchi waligeuka kumtazama. Bibi mmoja alijiziba uso.

"Sikuuliza," sauti ya Fanueli ikajibu kutoka ndani. "Kila mgonjwa namwambia anionyeshe panapouma. Kwako niliona haya, nikasema ni heshima. Ningejua, ningekupeleka Mbeya siku ileile. Mwambie Yotamu aweke kidole leo. Nisamehe, mwanangu."

"Bado, baba," Sekela alisema, akaondoka.

Alipasuliwa siku ya Ijumaa. Alipozinduka alikuta bandeji kifuani, na chozi likamtoka kwa uchungu na kwa hasira pia. Titi lile lilikuwa limemnyonyesha Lutengano. Verediana hakumwambia anyamaze. Kidonda kilipoanza kufunga, alimfundisha kupandisha vidole ukutani polepole, kila siku juu kidogo, ili bega lisikauke. Alimwonya asibebe mizigo mizito kwa mkono ule wala asiuache upate jeraha, kwa sababu bila tezi mkono huvimba upesi. Kwa hiyo ndoo ya maji ikawa ya Yotamu. Wenzake wa barabarani walimcheka, naye aliwajibu kwamba maji hayajui nani kayateka. Kila miezi mitatu alimsindikiza mkewe hospitali kuangaliwa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa haujarudi, na Sekela alikuwa analima tena.

Mzee Fanueli naye hakulala. Aliandika barua hospitali, na Verediana akaanza kuja dispensari kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuwaona wanawake katika chumba cha nyuma. Mzee alitangaza habari hiyo mwenyewe kanisani. Alilitaja titi mbele ya watu wote. Vijana walipocheka, alilitaja mara ya pili.

Katika chumba kile Sekela alifungua khanga na kuwaonyesha wenzake kovu. Aliwaambia wajipapase kila mwezi, titi na kwapa. Uvimbe hata usiouma, ngozi inayobonyea, chuchu inayoingia ndani au kutoa damu, yote hayo waje kuyaonyesha upesi. Si kila uvimbe ni saratani, ila wa kusema hivyo ni daktari, si mume wala mkwe.

Verediana alipokuja mara ya tatu, alifika Tusajigwe, mke kijana wa jirani, mwenye uvimbe mdogo wa siku nane tu. Alipelekwa Mbeya, uvimbe ukatolewa, ukapimwa. Haukuwa saratani. Alikuja mbio kwa Sekela kumpa habari.

"Ndaga, mama," alishukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo."

Sekela alimkumbatia kwa mkono wa kushoto, akacheka naye, akampa viazi vya kupeleka nyumbani. Alipoondoka, Sekela alikwenda nyuma ya nyumba akalia, maana miezi yake minane hakuna atakayemrudishia.